Nilivyolainisha Triga ya Bastola Yangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuilaumu bastola. Nilikuwa nimefyatua risasi zisizofika mia maishani mwangu mwote, karibu zote zikaangukia chini, kushoto kwa duara, nami nikaamua kwamba kiwanda kizima, pamoja na wahandisi wake na mashine zake, kilikosea kutengeneza triga. Wazo kwamba kidole changu ndicho chenye kasoro lilinijia mara moja tu, nikalifukuza.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtu atashangaa ilikuwaje nikapewa silaha.

Nina mashine ndogo ya kukamua alizeti pale Kizota, Dodoma. Sikusomea mashine. Niliinunua ikiwa mbovu, nikaifungua, nikaipanga sakafuni kipande kwa kipande, nikairudisha, vikabaki vipande viwili ambavyo hadi leo sijui vilikuwa vya nini, na mashine ikafanya kazi. Tangu siku hiyo niliamini kwamba hakuna kitu chenye skrubu kitakachonishinda. Wakati huohuo mimi ni mwoga. Nikifunga kufuli la karakana jioni, narudi kulishika mara tatu au nne. Jirani yangu mwenye duka la vipuri huniuliza, "Leo umeswali rakaa ngapi za kufuli?" Mtu mwoga anayeamini mikono yake kupita kiasi ni mtu wa kukaa naye mbali, lakini hilo nimelijua baadaye.

Kila msimu naenda kijijini Busi, kwa ndugu za mama yangu, kununua alizeti. Wakulima wa kule wanataka fedha taslimu, kwa hiyo natembea nazo. Mwaka mmoja, nikirudi na gari limejaa magunia, pikipiki yenye watu wawili ilinifuata. Nikaongeza mwendo, wakaongeza. Wakapunga mikono, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Niliendesha hivyo nikisoma kila dua niliyoijua, hadi gari liliponasa kwenye mchanga wa korongo na wale watu wakanifikia. Mmoja akashuka, ameshika kiuno, anahema.

"Kaka, gunia lako limepasuka. Unapanda alizeti barabara nzima."

Niliwashukuru. Nikawapa soda. Wiki iliyofuata nikaanza kufuatilia kibali cha kumiliki bastola.

Kibali hakipatikani kwa kupenda. Unaanzia kwa serikali ya mtaa, watu wanaokufahamu wanakaa kikao na kukujadili ukiwa umekaa mbele yao kama mgonjwa. Mwenyekiti aliuliza nani atanidhamini. Akasimama mzee mmoja jirani yetu, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kufundisha vijana shabaha kwa miaka mingi.

"Mimi," akasema. "Kijana huyu namfahamu. Anaogopa hata jogoo wangu. Anayeogopa ndiye wa kupewa silaha, kwa sababu hataichezea."

Wajumbe wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane nimeumia. Mzee akaweka sahihi. Tulipotoka nje alinishika bega akaniambia, "Sina shamba la kukuachia wala ng'ombe. Jina langu ndilo nimeweka pale. Ukilichafua, umenimaliza."

Mzee ndiye aliyenifundisha pia. Kila baada ya Jumamosi mbili tulikwenda uwanja wa shabaha nje ya mji, mahali penye tuta kubwa la udongo mwekundu na mawe nyuma yake. Alinifundisha jinsi ya kusimama, jinsi ya kupumua, jinsi ya kuweka kidole nje ya triga mpaka wakati wake. Kisha nikafyatua, na risasi ikaenda chini kushoto.

"Unaivuta kama unang'oa jino," alisema. "Ivute polepole. Usijue itatoka lini."

"Sawa, mzee."

Chini kushoto.

"Unaogopa mlio. Kabla haujatoka, mkono umeshakimbia."

"Sawa, mzee."

Nilisema sawa kwa mdomo tu. Nyumbani nilikuwa na faili la karatasi zote za shabaha, nimezipanga kwa tarehe, nimepima kwa rula umbali wa kila tundu kutoka katikati. Mke wangu aliliona akadhani ni karatasi za hospitali. Nilitafuta chanzo cha tatizo mahali popote isipokuwa kwangu, na hatimaye nikaamua kupima uzito wa triga. Sikuwa na kipimo cha kazi hiyo. Nikaenda kwa mama anayeuza samaki wa bwawa la Mtera nikamwomba aniazime mizani yake ndogo ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Akauliza nataka kupima nini. Nikasema nyama. Bastola ilikuwa imefungiwa chumbani kwenye sanduku la chuma lililokazwa ukutani. Nikaitoa, nikahakikisha mara sita kwamba ni tupu, nikatia ndoano. Sindano ya mizani ikapanda hadi kilo mbili na nusu na kitu. Kwangu huo ukawa ushahidi. Kilo mbili na nusu! Huyo ni perege mkubwa, nani atamvuta kwa kidole kimoja asitetemeke? Bastola ilinuka samaki siku mbili.

Baada ya hapo nikaingia kwenye simu. Kule kuna watu wenye glavu safi na meza zenye taa nzuri, wanaofungua bastola huku wakiongea kwa utulivu kama wanamenya chungwa. Mmoja alisema kazi nzima ni dakika kumi. Niliangalia video yake mara ishirini na kitu. Kiingereza changu si kibaya, lakini palikuwa na sentensi moja mwishoni aliyoisema haraka, nami kila mara nilikuwa nimeshaizima video. Baadaye niliisikiliza hadi mwisho. Alikuwa anasema msifanye hivi kwenye bastola ya kutembea nayo.

Nilichagua Jumamosi ambayo mke wangu alikwenda kusuka. Alitaka rasta ndogondogo, nikapiga hesabu nina saa sita za amani. Nikatandika shuka jeupe mezani, nikapanga bisibisi kwa urefu, nikanawa mikono kama daktari. Sitaandika nilifungua nini, nikapunguza nini, wala nikabadilisha nini, kwa sababu najua kuna mtu kama mimi anasoma huku ameshashika bisibisi. Niseme tu kwamba zile dakika kumi zilikuwa zimeshafika saa mbili pale springi ndogo, nyembamba kama unywele, iliporuka kutoka vidoleni, ikapita juu ya meza, ikaingia jikoni.

Mke wangu alirudi mapema. Msusi alikuwa amepata msiba, kwa hiyo mke wangu alisukwa na msaidizi ule mtindo wa haraka wa twende kilioni. Alinikuta nimelala kifudifudi jikoni, tochi ya simu mdomoni, mkono mzima chini ya friji.

"Baba mtoto, unatafuta nini huko?"

Nikatoa simu mdomoni. "Sindano."

"Sindano gani?"

"Ya cherehani."

"Hatuna cherehani."

"Ndiyo maana siioni," nikasema.

Aliniangalia, akaangalia chumba cha mbele ambako nilikuwa nimefunika meza kwa upande mmoja wa shuka, akaenda zake chumbani bila kuuliza zaidi. Nilijiona mjanja. Springi niliipata, imenasa kwenye manyoya ya vumbi pamoja na punje ya mchele.

Nilipomaliza kuirudisha, nikaijaribu ikiwa tupu. Triga iliteleza kama mlenda. Ukifikiria tu kuigusa, imeshakubali. Nikaweka sarafu juu ya mtutu, nikavuta, sarafu haikutikisika. Nikarudia mara hamsini. Sijawahi kujipenda kama nilivyojipenda jioni ile. Nilimhurumia mzee, na mbinu zake za zamani za kupumua.

Jumamosi iliyofuata nilitangulia uwanjani. Msimamizi wa uwanja alikuwa kwenye kibanda chake, na kwenye mstari nilikuwa peke yangu. Nikafyatua risasi nne. Zote nne ndani ya duara, mbili zimekaribiana kiasi cha kufunikwa kwa kiganja. Nilitaka kulia. Nilikuwa na risasi ya tano kwenye chemba, tayari kutoka, nimesimama nikiitazama ile karatasi kama mtu anayetazama picha ya harusi yake, niliposikia kikohozi nyuma yangu. Mzee alikuwa amefika, ameingia kwa upande, amesimama hatua chache kutoka kwangu na katambuga zake za tairi.

Sasa hapa ndipo malezi yangu yaliponiponza. Mama yangu alinilea kwamba mkubwa humwamkii ukiwa umekaa, humwamkii ukiwa na kitu mkononi, na mkono wa kushoto haumsalimii mtu yeyote. Akikukuta umebeba jembe, jembe linahamia kushoto, kulia kunatolewa, mgongo unainama kidogo. Nimefanya hivyo tangu nina miaka mitatu. Sifikirii. Mwili unafanya wenyewe.

Nikageuka. Nikahamisha bastola kwenda mkono wa kushoto. Nikainama kidogo, nikanyoosha wa kulia.

"Shikamoo mz..."

Vidole vya mkono wa kushoto, katika kuipokea, vilijifunga popote vilipokuta nafasi. Kimoja kilikuta triga. Kwa triga ile ya zamani, ya perege mkubwa, kisingeweza kufanya lolote. Kwa triga yangu kiligusa tu.

Vumbi jekundu liliruka kutoka ardhini, kama hatua moja kutoka mguu wa kulia wa mzee. Likatua kwenye suruali yake, kwenye katambuga, kwenye vidole vyake vya mguu. Masikio yangu yakawa yanalia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado umenyooshwa mbele kumsalimia.

Mzee aliangalia mguu wake. Akachezesha vidole, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu mbuzi.

"Marahaba," akasema. "Sasa iweke mezani. Usiniangalie mimi. Angalia meza."

Nikaiweka. Akaniambia nitoe magazini ya risasi, nikatoa. Akaniambia nifungue chemba nioneshe, nikaonesha. Msimamizi alitoka kibandani anakimbia. Mzee akamwinulia kiganja kwamba hakuna aliyeumia, naye akaja kusimama pembeni yetu. Ndipo mzee akaupokea ule mkono wangu wa kulia, akausalimia vizuri. Kisha akaichukua bastola ikiwa tupu, akaielekeza kwenye tuta, akavuta triga. Akaivuta tena. Akanigeukia.

"Nani ameigusa hii?"

Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu ndipo ninapojionea aibu kuliko risasi yenyewe. Mtu niliyekaribia kumtoboa mguu, mtu aliyeweka jina lake kwa ajili yangu, alikuwa ameniuliza swali jepesi. Nami nikasema:

"Mzee, nadhani ni joto."

"Joto."

"Ndiyo. Hili joto la Dodoma. Vyuma vinalegea."

"Joto lilikuja na bisibisi yake, au liliazima yako?"

Msimamizi alikohoa ili asicheke. Mzee hakucheka. Alisema mwezi uliopita alifyatua bastola ile kwa mkono wake mwenyewe na ilikuwa ngumu kama punda wa mlimani, na kwamba amezishika silaha miaka mingi kuliko umri wangu. Nikaeleza yote. Nilianza kwenye simu, nikapitia mizani ya samaki, nikafika kwenye friji. Nilipofika kwenye risasi nne ndani ya duara, sauti yangu ilipata fahari kidogo, nadhani aliisikia.

"Ulikuwa unapiga kushoto kwa sababu unaogopa mlio," alisema. "Hofu hujaitoa. Umefanya mlio utoke kabla hofu haijafika. Na leo ulitoka kabla akili haijafika."

Tukakaa kwenye benchi la mbao. Nilimwomba, na naandika hili kwa shida, nilimwomba tuyamalize pale pale watatu. Nilisema nitairudisha ilivyokuwa. Nilisema dakika kumi tu.

"Hutaigusa," alisema. "Leo tunaikabidhi kituo cha polisi, Jumatatu utakwenda kuandika maelezo. Utasema wewe. Mimi nitakaa pembeni, maana sahihi iliyokupa hiki kitu ni yangu. Ukisema nusu, nitamalizia mimi, na hapo tumeachana."

Jumapili nilimwambia mke wangu. Nilianza mbali, nikazungumza kuhusu ubora wa viwanda. Alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Ile sindano ya cherehani."

"Ulijua?"

"Nilijua umefungua kitu. Sikujua ni hicho." Akaweka sinia chini. "Mzee ana wajukuu wangapi?"

Nikasema saba. Aliendelea kuchambua, na chakula kilipoiva nilikula nikiwahesabu wale wajukuu mmoja mmoja.

Kituoni, askari aliyeandika maelezo yangu alikuwa kijana wa rika langu. Aliandika taratibu sana.

"Ufundi wa silaha umesomea wapi?"

"Sijasomea."

"Umejifunzia wapi?"

"Kwenye simu."

Akaandika, akitamka kila neno: "Kwenye... simu." Akanisomea maelezo yote tangu mwanzo, na mzee amekaa kwenye benchi ukutani, kofia magotini, suruali ileile, ameifua lakini ule wekundu haukutoka wote. Sikubakiza kitu. Hata joto nililisema, na lile joto nalo likaandikwa.

Bastola ilibaki kituoni, ikapelekwa kwa fundi silaha mwenye leseni arudishe kila kitu cha kiwandani kwa gharama zangu. Mimi nikaambiwa suala la kurudishiwa litaangaliwa, na litategemea mambo kadhaa. Askari akamgeukia mzee.

"Mzee, huyu bado unamdhamini?"

Katika maisha yangu yote nimeogopa vitu vingi, lakini sikuwahi kuogopa jibu kama lile. Mzee aliigeuza kofia yake mara mbili.

"Niulizeni msimu wa alizeti ukiisha," akasema.

Kwa hiyo nilikwenda Busi bila bastola. Siku ya kwanza nilijihisi kama nimetoka bila shati. Niliangalia nyuma kila kona ya barabara, na kila pikipiki iliyonipita niliisalimia kwa honi mapema ili ijue mimi ni mtu mwema. Nilifika salama. Nikatandaza turubai, nikaanza kupima magunia, na mama mkubwa mmoja, dada wa mama yangu, akanitazama kiunoni kwa furaha.

"Alhamdulillahi, umepona!"

"Nimepona nini, mama?"

"Ile ngiri."

Ilibidi nimwombe arudie. Kumbe msimu mzima uliopita, ule uvimbe wa bastola chini ya shati langu upande wa kulia, nilioutembeza kijijini nikidhani unaniletea heshima, watu waliujadili na kukubaliana kuwa ni ngiri. Ndiyo maana vijana walininyang'anya kila gunia nililotaka kubeba. Ndiyo maana nilikuwa napewa kiti kila mahali. Mimi nilikuwa nimeandika kichwani kwamba silaha humfanya mtu aheshimike.

"Tulikuwa tunakuombea," akasema mama mkubwa. "Kijana mdogo vile."

Nilimshukuru kwa dua. Siku hiyo nilibeba magunia yangu mwenyewe, na mgongo ukaniuma wiki nzima.

Msimu ulipoisha sikwenda kwa mzee. Nilipanga maneno kila siku na kila siku niliyaona hayajakamilika. Alikuja yeye, asubuhi, akasimama mlangoni mwa karakana wakati mashine inaunguruma. Nikaizima. Nikafuta mikono, nikamwamkia.

"Marahaba. Tangu siku ile, umefungua kitu gani usichokijua?"

Nilitamani kusema hakuna. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limepigwa pasi.

"Redio ya mke wangu," nikasema.

"Ikawaje?"

"Ilikufa. Nikaipeleka kwa fundi."

"Ulimwambia mkeo kabla au baada?"

"Kabla ya kuipeleka. Baada ya kuiua."

Mzee alicheka hadi akashika nguzo ya mlango. Alicheka peke yake kwa muda mrefu, nami nikabaki nimesimama na tambara langu. Alipomaliza alijifuta macho.

"Natokea kituoni," akasema. "Nimeshaweka sahihi. Nilitaka tu kujua kama nimekosea."

Hakuniambia kama amekosea au hapana. Aliomba lita moja ya mafuta, akalipa, akaondoka.

Bastola nilirudishiwa baadaye, na triga ni nzito kama ilivyotoka kiwandani. Sijaifungua tena zaidi ya kuisafisha kama nilivyofundishwa. Bado napiga chini kushoto, ingawa si mbali kama zamani, na faili la karatasi nimelichoma. Nikiwa na silaha mkononi simwamkii mtu, hata angekuwa mkubwa kiasi gani: naiweka mezani kwanza, natoa magazini, naonesha chemba, ndipo nasema shikamoo. Na nikiharibu kitu nasema siku hiyohiyo, kabla sijapata muda wa kutafuta joto la kulisingizia.